Tawi Likivunjwa Msimu Huu

Mpwa wangu ameshavunja kibubu mara tatu. Cha kwanza alikivunja mama yake alipolazwa, cha pili kaka yake alipooa, cha tatu ami yake alipotaka kuezeka. Vyote vitatu alivianzisha kwa kazi moja: ada ya kwenda kusomea upishi wa mikate na keki. Ana miaka 27, ni msaidizi wa jikoni katika hoteli moja ya Kiwengwa, Unguja, na kwao ni Mtambwe, Pemba, kama kwetu sote.

Hicho cha tatu alikivunja mbele ya macho yangu. Kilikuwa kisanduku cha mbao nyembamba, kina mwanya juu wa kupenyezea noti, kimepigiliwa misumari pande zote. Hakukipiga chini. Alikaa juu ya mkeka na bisibisi, akang'oa msumari mmoja mmoja na kuupanga kando, asije akauchana ubao. Noti zilitoka zimekunjwa mara nne, nyingi za elfu mbili na elfu tano, zinanuka vanila na mafuta ya kukaangia. Tulizinyoosha kwa viganja. Akiba ya miezi 14 ilifika shilingi 412,000. Laki nne alizituma Pemba kwa simu palepale, na ile elfu kumi na mbili akasema atanunulia viatu vya kazini vya mtumba, maana soli imeachia. Hakulalamika.

Wiki chache baadaye, siku ya tatu ya Idi, jina lake lilitajwa kwenye kikao cha familia. Kosa lake ni kwamba kabla ya kutuma aliuliza kama bati za ami haziwezi kungoja msimu wa karafuu. Aliuliza, akajibiwa haziwezi, akatuma. Lakini kule kuuliza kulisafiri mpaka Mtambwe, na kulipofika kulikuwa kumeshapata jina: ubinafsi. "Mji umeshamla," alisema mmoja wetu, na vichwa vikatikisika. Nami nilikuwapo, nimekaa karibu na mlango, nikanyamaza. Naandika haya kwa sababu ya kunyamaza kule.

Haki ya familia kwetu haina shida ya wakili. Inatetewa mimbarini, inatetewa barazani, inatetewa kila simu inapolia wiki moja kabla ya Ramadhani na sauti ya upande wa pili ikaanza kwa kuulizia afya yako kwa kirefu kisicho cha kawaida. Hata hivyo sitaipita mbio, kwa sababu wale wanaowahubiria vijana kwenye simu zao kwamba "ndugu ni mirija, ikate" hawaijui hata robo yake.

Kwanza, familia haimdai bure. Elimu bure ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, lakini mzazi yeyote atakwambia skuli isiyo na ada haikosi gharama. Kuna sare, viatu, madaftari, nauli, na tuisheni ya Kidato cha Nne ambayo siku hizi ukiikosa ni kama hukusoma. Mtambwe fedha ya vitu hivyo hutoka mtini. Dada yangu, mama yake kijana huyu, alichuma karafuu kwa pishi katika mashamba ya watu, akarudi nyumbani kukesha akichambua makonyo, yaani vile vijiti vya karafuu, na mwaka ambao mwanawe alikuwa na mtihani aliikodisha mikarafuu yake minne kabla karafuu hazijakomaa, kwa mtu aliyempa fedha mkononi na kuja kuvuna mwenyewe. Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lilikaa miaka mingi likinunua kilo ya daraja la kwanza kwa shilingi 14,000. Kwa mikarafuu ile minne, aliyeipokea bei hiyo ni mkodishwaji. Tofauti kati ya alichopewa dada na kilichopimwa kwenye mizani ya Shirika ndiyo iliyomfikisha kijana chumba cha mtihani, na haikuandikwa popote.

Hata leo fedha haziendi upande mmoja kama simu inavyoonesha. Simu huandika kilichotumwa Pemba, haiandiki kilichoshushwa bandarini Malindi, Unguja. Mara mbili tatu kwa mwaka boti huleta polo la muhogo, mkungu wa ndizi, chupa ya mafuta ya nazi iliyozibwa kwa mfuko wa plastiki, na samaki wakavu waliofungwa gazetini. Mpwa wangu huwagawia wenzake wa chumbani, na wenzake humwambia ana bahati. Ana bahati kweli.

Halafu kuna 2020. Mwaka wa nyuma yake Zanzibar ilipokea watalii 538,264. Korona ilipokuja wakashuka hadi 260,644. Tarakimu hizo zimezoeleka kusomwa kama habari za hoteli, na mimi huzisoma kama habari za masufuria. Jiko la hoteli yake lilifungwa, wafanyakazi wakaambiwa watapigiwa simu. Alipanda boti akarudi kwao na begi moja na kisu chake cha jikoni alichokinunua kwa fedha yake, akakaa miezi minane akila muhogo wa mama yake na kwenda pwani na mjomba wake mkubwa. Hakuna aliyemwuliza amekuja na nini. Sijui bima gani ingemlipa miezi minane bila kumjazisha fomu.

Na hao wazee nao watamtegemea nani? Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pencheni Jamii kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au alikuwa mkulima maisha yake yote. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Lilikuwa jambo kubwa. Nimewaona wazee wakijitengeneza siku ya malipo kama wanaokwenda harusini. Lakini 50,000 ukiigawa kwa siku 30 haifiki 1,700 kwa siku. Na mchumaji wa karafuu hangoji 70 ili magoti yamwambie basi. Yanamwambia akiwa na 55, aliyekuwa akipanda mkarafuu anaanza kuokota chini. Miaka hiyo kumi na tano ya katikati inabebwa na mtoto, na sijaona mwengine anayeigombea kazi hiyo.

Basi huo ndio upande wa nyumbani, na mimi nimekula humo. Sasa nirudi kwa kijana wa kwenye mkeka.

Hajapata kusema kwamba hatobeba. Aliuliza tu kama mzigo huu ni wa leo. Sisi tukasikia kitu kingine kwa sababu tumelizoea neno majukumu mpaka limekuwa kama polo lisilofungwa mdomo: kila apitaye anatia chake, na anayelibeba akiuliza ndani mna nini anaambiwa hana adabu. Tuvitazame vile vibubu kimoja kimoja. Cha kwanza ni mama aliyeanguka kwa presha, akapelekwa Chake Chake, kisha akaletwa Unguja kwa vipimo. Hapo hakuna mjadala, na mpwa wangu mwenyewe anasema angekivunja hata kama kingekuwa cha mtu mwengine. Cha pili ni harusi. Kaka mtu ana miaka 31, ana kazi ya udereva wa gari ya shamba, na alichopungukiwa ni sanduku la bibi harusi lifanane na la jirani, na biriani ya watu mia tatu. Ada ya mwaka mzima iliingia kwenye sufuria ikaisha Jumamosi moja baada ya adhuhuri. Cha tatu ni bati za ami, ambazo zilikuwa zikivuja kwa miaka minne na zingeweza kuvuja miezi mingine mitatu, na ami mwenyewe ana watoto wanne wa kiume wenye nguvu zao.

Vyote vitatu vimeitwa kwa jina moja.

Mimi si sheikh, lakini nimekaa darsani kiasi cha kujua kwamba dini tunayomtolea kijana huyu ina vipimo kuliko sisi. Wengi wetu ni Mashafii. Katika madhehebu hayo nafaka, yaani matunzo ya lazima kwa jamaa, hupanda kwa wazazi na mababu, na hushuka kwa watoto na wajukuu. Haiendi pembeni. Ndugu, ami, binamu, kuwasaidia ni kuunga udugu, na kuna thawabu kubwa, lakini si deni la kumshtaki mtu kikaoni. Hata kwa wazazi kuna masharti: mzazi awe mhitaji, na mtoto awe na kilichozidi riziki yake na ya mkewe na wanawe. Hadithi tunayoipenda ni ile ya mtu aliyemwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, ruhusa ya kwenda jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wako hai, alipojibu ndiyo akaambiwa jihadi yake ikawe kwao. Ni sahihi, imo kwa Bukhari na kwa Muslim. Lakini kwa huyo huyo Muslim imo nyengine ambayo sijaisikia ikisomwa katika kikao chochote cha ukoo wetu, inayomwelekeza mtu aanze na nafsi yake, kikizidi kitu kiende kwa watu wa nyumbani kwake, kikizidi tena ndipo kiende kwa jamaa. Ngazi zimepangwa. Sisi tunaanzia ya juu na kushuka, na mara nyingi hatufiki chini.

Na ipo ile ambayo kina baba huiinua kama bakora: wewe na mali yako ni vya baba yako. Wanazuoni wengi wameifahamu kuwa baba achukue kwa haja yake. Hata Mahanbali, ambao ndio waliompa baba uwanja mpana zaidi, wamemwekea mipaka: asimdhuru mtoto kwa kuchukua, na asitwae kwa mtoto mmoja akampa mtoto mwengine. Nilipolisoma hilo la mwisho niliiona ile biriani.

Mtu atanijibu kwamba nyumba haijengwi kwa fat-wa, na atakuwa amesema kweli. Nilimweleza dada yangu haya yote nilipokwenda Pemba, yeye amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, mimi sikumwekea kipimo nilipokuwa namnyonyesha."

"Najua, dada."

"Leo aje aniwekee mizani?"

"Hakuwekei wewe. Anatuwekea sisi wengine."

Mbuzi ikanyamaza. Akapangusa tui mkononi kwa upande wa kanga. "Na nyinyi wengine nitakwambieni nini? Nikisema mwanangu hana, watasema namficha. Shemegi yangu alipotaka bati hakumpigia yeye, alikuja kukaa hapo ulipokaa wewe."

Nilikuwa sijaliona hilo. Kwa miaka yote nikidhani mama ndiye anayeomba, kumbe mama ni dirisha la wakala. Maombi yanapita kwake kwa sababu kila mtu anajua kwamba mtoto hawezi kumkatalia mama, na mama hawezi kumkatalia shemeji. Anayepokea shukrani ni yeye, na anayepokea lawama ni mwanawe. Katika zile laki nne za bati dada yangu hakushika hata senti, ila ndiye aliyepiga simu.

Sasa nije kwenye hesabu inayoninyima usingizi, na mniwie radhi nikikaa nayo.

Mwaka 2022 Serikali ilipandisha kima cha chini cha watumishi wake kutoka 300,000 hadi 347,000. Mpwa wangu yuko huko huko, anapata 350,000. Anatuma nyumbani 100,000 kila mwezi, achilia mbali vibubu. Kwenye jiko lake hilo hilo, meza mbili mbele yake, kuna mpishi wa keki aliyesomea kazi hiyo na anayepata 800,000. Wanavaa aproni ya rangi moja. Kijana amemtazama kwa miaka minne mpaka anajua unga unavyotakiwa kushika, anajua kwa kuugusa, lakini hoteli haiajiri kidole, inaajiri cheti.

Tuseme anaendelea hivi hivi. Laki moja kwa mwezi kwa miaka kumi ni milioni 12. Ndiyo familia itakayopata, na mwaka wa kumi atakuwa na miaka 37, bado anaosha sufuria na kumenya mbatata, na laki moja ya wakati huo haitonunua inachonunua leo. Sasa tuseme badala yake, kwa miaka miwili, tunakubali 60,000 kwa mwezi. Hiyo ni 1,440,000 kwa miezi 24. Anasoma, anapata cheti, anapata meza ile nyengine. Kwa miaka minane iliyobaki anatuma 200,000, ambayo ni robo ya 800,000, wakati laki moja ya leo ni zaidi ya robo ya anachopata. Miezi 96 mara 200,000 ni 19,200,000. Ukijumlisha na ile ya mwanzo unapata 20,640,000. Yaani familia inayomkatalia miaka miwili kwa jina la familia inajinyima yenyewe milioni nane na laki sita na zaidi. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi nikitafuta nilipokosea. Kuna siku niliirudia nyuma ya risiti ndani ya daladala, konda akadhani nabishania chenji.

Wachumaji wangeielewa bila kalamu. Karafuu hutoka kwenye ncha ya kijitawi. Mchumaji mwenye haraka haipandi ile ncha, analivuta tawi mpaka linavunjika, analichuma akiwa amekaa chini kivulini. Siku hiyo pishi zake huwashinda wenzake. Lakini ncha iliyovunjika haitoi msimu unaofuata, wala pengine ule wa pili, na kila msimu tunaonywa kuhusu jambo hili na kila msimu ukipita shambani unakuta matawi yamelala chini ya miti.

Hesabu yangu ina matundu, na yatajwe. Karatasi haina presha; dada yangu anayo, na hakuna anayejua kama ana hiyo miaka kumi. Fedha ya miaka minane ijayo haimnunulii kidonge cha leo. Cheti nacho si ahadi: wako vijana waliosoma utalii na sasa wanauza laini za simu Darajani, na mwaka mwengine kama 2020 ukija, mpishi wa keki na mwosha sufuria watapanda boti moja. Yote hayo ni kweli. Lakini angalieni, ni hoja za kupanga kiasi na kutenga dawa. Hakuna hata moja inayotetea sanduku la bibi harusi.

Wazee wetu wana jibu jingine, la subira. Ndoto haiozi, wanasema, na mfano uko tayari: Bi Kidude, mwimbaji wa taarab. Marehemu, aliyefariki Aprili 2013, aliimba tangu ujana wake, lakini dunia ilikuja kumjua akiwa bibi kizee, na tuzo ya WOMEX, ya muziki wa kimataifa, aliipokea mwaka 2005. Siti binti Saad naye alitoka Fumba, alikouza vyungu, akaja mjini mwaka 1911 akiwa mtu mzima wa miaka kama thelathini, na mwaka 1928 akenda Bombay kurikodi. Kwa hiyo kijana wa miaka 27 ana haraka gani?

Ni mfano mzuri mpaka uutazame kwa karibu. Siti hakusubiri Fumba. Aliondoka, na sidhani kama siku alipoondoka wote waliobaki walimwombea dua. Tena tunawataja wawili hawa kwa kuwa walifika. Waliosubiri wakafa wakisubiri hawana santuri. Na ndoto zenyewe hazilingani. Anayetaka kujenga duka, au kurudi chuoni, anaweza kuja nayo akiwa na arubaini na akafunguliwa mlango. Kijana anayecheza mpira Gombani hana arubaini, ana miaka minne mitano, basi. Mpwa wangu yuko katikati: jiko linakubali mtu mzima, ila halimkubali kama mwanafunzi mwenye mgongo uliokwisha chakaa. Ndiyo maana nasema swali la "subiri kidogo" lazima lijibiwe na tarehe. Wanaolima mwani wanaelewa. Wanashuka wakati wa bamvua, maji yakipwa sana. Ukikosa siku zako hizo chache, unangoja nusu mwezi, na kamba zako ziko kule zinaota uchafu.

Nimetaja mwani, na hapo kuna jambo ambalo sijalitendea haki na sitalitendea haki leo. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi tangu hapo ni wanawake. Kwa sheria yetu mali ya mwanamke ni yake, nafaka iko juu ya mume. Kwa desturi yetu fedha ya mwani imekwenda kwenye sare, vyombo, na mabati ya nyumba ambazo hati zake zina majina ya wanaume. Mpwa wangu huyu ana dada, amemzidi miaka miwili, analima mwani. Hakutajwa kikaoni, hakuna aliyemwita mbinafsi, kwa sababu hajapata kuuliza kama kitu kinaweza kungoja. Zamani, akiwa darasa la tisa, aliniambia anataka uuguzi. Nilimwambia inshaallah, na sikumuuliza tena.

Na kuna yule mjomba mkubwa niliyemtaja, aliyekwenda naye pwani mwaka wa korona. Huyo ni kaka yangu. Alitoka skuli ili mimi nibaki. Alikuwa akifungua redio za watu akiwa na miaka kumi na mitatu, akizitengeneza kwa risasi ya kuyeyusha juu ya kaa la moto, na mzee wetu alikuwa akijisifu kwa hilo mpaka mwaka ambao karafuu hazikutoa. Amevua tangu hapo. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye kiinua mgongo. Yeye ana wavu. Hajapata kunitajia redio. Kwa hiyo mtu akinishtaki kwamba ni rahisi kwangu kutetea ndoto za vijana, mimi niliyesomeshwa kwa ya mtu mwengine, sina la kujibu. Ninachojua ni kwamba tuliponyamaza kuhusu redio zile tulidhani tunamwonea huruma, na nyumba ile ile sasa inataka kunyamaza tena.

Tulikaa watatu: dada, mpwa wangu kwa simu, na mimi. Tumekubaliana 60,000 kila tarehe 28 kwa miaka miwili. Dawa ya presha iko nje ya hesabu, inanunuliwa kwanza. Harusi, bati, khitma na mengineyo yapitie kwangu, si kwa mama yake, na nikikataa nimekataa mimi. Dada alikubali kwa shingo upande. Alisema shemegi yake atahamisha salamu. Tayari zimehama. Juzi nimeletewa habari kwamba binamu mmoja anatafuta mtaji wa kununua pikipiki, nami nikasema sina, na kwenye simu ile palikuwa na kimya kirefu kabla ya kuagana.

Mpwa wangu alipokwenda kuagiza kibubu cha nne, fundi alimwuliza kama atie skrubu safari hii, ili kifunguke kirahisi kwa mtu mwenye dharura. Akamwambia atie misumari. Fundi akauliza mirefu au mifupi.